Vipele vya uso vinavyoacha vishimo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu LMDF

Anayefika hapa mara nyingi ameshatibiwa chunusi kwa miezi, amebadilisha sabuni mara tatu, kisha siku moja akakuta kwenye cheti chake jina la Kilatini linalovunja ulimi: lupus miliaris disseminatus faciei, kwa kifupi LMDF. Ni ugonjwa nadra. Daktari mzuri kabisa anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nao, kwa hiyo si ajabu kama umepewa majina mengine kabla ya hili. Majibu haya yatakusaidia kuuliza maswali ya maana ukiwa kliniki. Hayawezi kukugusa ngozi wala kukutazama, na hiyo ndiyo kazi ya daktari wa ngozi.

Jina hili refu maana yake nini?

Lupus ni mbwa mwitu. Miliaris ni chenye ukubwa wa punje ya uwele. Disseminatus ni kilichotawanyika, na faciei ni cha uso. Jina linasema basi: vitu vidogo kama uwele vilivyomwagika usoni, pamoja na mbwa mwitu ambaye hana shughuli yoyote hapo. Huyo mbwa mwitu ni masalia ya zamani, enzi ambazo madaktari waliita "lupus" karibu kila ugonjwa ulioonekana kuutafuna uso.

Kwa hiyo nina lupus?

Hapana. Lupus inayosikika leo, ile ambayo kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe na kugusa viungo, figo na damu, ni ugonjwa mwingine kabisa. LMDF inakaa kwenye ngozi. Nalisisitiza hili kwa sababu mtu hutafuta neno hilo moja, akasoma usiku kucha habari za figo, na asubuhi akaja kliniki ameshaandika wosia.

Ipo lupus ya ngozi, ya diskoidi, ambayo nayo huacha makovu usoni, lakini sura yake ni tofauti: mabaka yenye magamba yaliyong'ang'ania, katikati rangi imepotea na pembeni imekolea, mara nyingi yakifika masikioni na hata kichwani, ambako nywele hunyonyoka zisiote tena. LMDF huja kwa vipele vidogo vilivyotengana.

Nimeambiwa ni kifua kikuu cha ngozi. Ni kweli?

Swali hili lina historia ndefu. Daktari wa ngozi wa Uingereza, Tilbury Fox, alieleza vipele vya namna hii mwaka 1878, akaviona kama lupus inayojifanya chunusi. Baadaye, waliotazama kwa hadubini kinyama cha vipele hivi, yaani kipande kidogo cha ngozi kilichokatwa, walikuta kitu kilekile wanachokikuta kwenye kifua kikuu: kifundo cha seli za kinga, katikati pamekufa na kuwa kama jibini. Wakahitimisha kwamba ni kifua kikuu, au angalau ni ngozi inayojibu kifua kikuu kilichojificha kwingine mwilini.

Hitimisho hilo halikusimama. Bakteria hawakuonekana kwa rangi za maabara zinazowafichua, hawakuota walipooteshwa, na vipimo vya vinasaba vilipokuja navyo havikuwakuta. Wagonjwa waliopewa dawa za kifua kikuu hawakupata nafuu ya kueleweka. Mwaka 2000 madaktari wa Ufaransa walipendekeza jina jipya, lenye kifupi FIGURE, linaloeleza granuloma za uso, yaani vifundo hivyo vya seli za kinga, zisizo na chanzo kinachojulikana na zinazofifia zenyewe. Ni jina la haki zaidi, ila la zamani limeshashika mizizi kwenye vitabu.

Pamoja na hayo, kifua kikuu cha kweli cha ngozi kipo, na hakifanani na mzaha. Kwa kawaida huwa ni baka moja linalotanuka taratibu kwa miaka, upande mmoja wa uso. Ndiyo maana daktari makini hatakwambia "si kifua kikuu" kwa kukutazama tu.

LMDF inasababishwa na nini basi?

Hakuna chanzo kimoja kilichothibitishwa. Wazo lenye nguvu zaidi ni kwamba kifuko cha unywele kinapasuka ndani ya ngozi, vilivyomo vinamwagika mahali visipotakiwa, na kinga inavizingira kama inavyozingira mwiba. Kinga hiyo hujenga ukuta wa seli, na ukuta huo ndio kipele unachokiona. Hakuna uchafu uliousababisha, wala si laana, wala si matokeo ya kutonawa uso.

Vinaambukiza?

Haviambukizi. Lala kitanda kimoja na umpendaye, busu mtoto wako, tumieni taulo moja kama mmezoea.

Nitavitofautishaje na chunusi?

Anza na macho. Chagua kioo chenye mwanga wa dirisha, utazame kope za chini. Chunusi za kawaida hazipendi kope, na LMDF inazipenda sana. Kipele kimoja kimoja, laini juu, milimita 1 hadi 3, kimekaa kwenye ukingo wa kope au chini yake kidogo: hiyo ni ishara ambayo daktari aliyewahi kuuona ugonjwa huu huitafuta kwanza. Vingine hukaa mashavuni, puani, kuzunguka mdomo, kidevuni na kwenye paji la uso, pande zote mbili karibu kwa usawa. Mara chache hutokea nje ya uso, hasa kwapani.

Kisha tafuta kisichokuwepo. Chunusi huwa na mchanganyiko: vichwa vyeusi, vichwa vyeupe, usaha, mafuta. Hapa hakuna vichwa vyeusi. Ukikikamua kipele hupati kitu, unapata kidonda, na baadaye kovu ambalo pengine lisingekuwepo. Mara nyingi haviwashi wala haviumi, na hilo huwafanya watu wachelewe, kwa kuwa kisichouma hakitupeleki hospitali.

Umri nao unasema kitu. Wengi wa wagonjwa ni vijana wa miaka ya 20 na 30, wanaume kwa wanawake, ingawa wadogo na wakubwa zaidi wameonekana. Mtu ambaye hakuwahi kuwa na chunusi ujanani, kisha akiwa na miaka 32 uso ukajaa vipele ndani ya wiki chache, anastahili kutazamwa upya.

Na rosasea?

Hapa hata wataalamu wanabishana. Wapo wanaosema LMDF ni tawi la rosasea ya granuloma, wapo wanaoiona ni ugonjwa unaojitegemea. Mimi naegemea hawa wa pili. Mwenye rosasea uso humpanda joto, hubaki na wekundu wa kudumu na vimishipa vinavyoonekana, na ugonjwa humrudia miaka na miaka. LMDF haina joto hilo, hupenda kope, huisha, na huacha vishimo. Kwa mgonjwa, ubishi wenyewe si mkubwa kama unavyosikika, kwani dawa za mwanzo zinalingana.

Ngozi yangu ni nyeusi. Vitabu vyote vinaonyesha vipele vyekundu.

Ni malalamiko ya haki. Kwenye ngozi nyeusi kipele hiki kinaweza kuwa cha kahawia, cha zambarau iliyofifia, au cha rangi ileile ya ngozi, ukakihisi kwa kidole kabla hujakiona. Daktari anaweza kukibonyeza kwa kipande cha kioo ili damu iondoke. Chini yake hubaki rangi ya njano na kahawia, kama tone la asali. Rangi hiyo inaonyesha granuloma, haionyeshi ni granuloma ya ugonjwa gani: kifua kikuu cha ngozi na sarkoidosi, ugonjwa mwingine wa granuloma, hutoa rangi ileile.

Jingine ni madoa. Kipele kikiisha, kabla hujajua kama kimeacha kishimo, huacha doa jeusi, na wengi hulichukulia doa kuwa kovu. Si kovu. Pitisha kidole: palipo bapa ni doa, nalo hufifia kwa miezi, palipobonyea ndipo pana kovu.

Kwa nini nikatwe kinyama usoni? Si nitaongezewa kovu?

Utaongezewa alama ndogo moja. Bila kinyama, utambuzi wa LMDF ni wa kukisia, na magonjwa yanayofanana nayo ni mengi kiasi kwamba kukisia kunaweza kukugharimu makovu 40 ili kukwepa moja.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Unachomwa sindano ya ganzi, ambayo ndiyo sehemu inayouma, kisha kifaa chenye ncha ya duara, upana wa milimita 3 au 4, kinazungushwa na kutoa kipande. Unashonwa uzi mmoja au miwili, na kwa uso huondolewa baada ya siku 5 hadi 7 hivi.

Kipele gani kikatwe, hilo lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kichanga mno kinaweza kuonyesha uvimbe wa kawaida tu. Kilichokwisha kinaonyesha kovu. Kinachotakiwa ni kilichokomaa, kigumu, ambacho hakijaanza kunywea, na ikiwezekana kiwe mahali pa kujificha kama pembeni mwa taya kuliko kwenye kope au ncha ya pua. Usikamue chochote wiki ya kipimo.

Swali la kuuliza kabla kisu hakijagusa ngozi: "Je, kuna kipande cha kuotesha?" Kinyama cha hadubini hutiwa kwenye formalini, maji ya dawa ya kukihifadhi, na formalini huua vijidudu. Kikishaingia humo, hakuna maabara itakayoweza kuotesha bakteria wa kifua kikuu au kuvu. Kama shaka ipo, kipande cha pili kiwekwe kwenye maji ya chumvi ya hospitali na kipelekwe peke yake. Majibu ya kuotesha kifua kikuu yanaweza kuchukua hadi wiki 8, kwa hiyo subira inahitajika. Na fomu isiandikwe "vipele usoni" tu. Mtaalamu wa patholojia anayesoma "vipele kwenye kope na mashavu, miezi 5, dawa za chunusi hazikusaidia, tunafikiria LMDF, tunaomba kuondoa kifua kikuu na kuvu" atatazama kwa jicho jingine.

Majibu yanasema "granuloma yenye nekrosisi ya jibini". Niogope?

Usiogope, ndicho hasa kinachotarajiwa. Granuloma ni kifundo cha seli za kinga, baadhi yake zikiwa kubwa zenye viini vingi, na nekrosisi ya jibini ni ile sehemu iliyokufa katikati. Maneno hayohayo yangeandikwa kwa kifua kikuu, kwa hiyo soma mstari unaofuata: rangi ya kutafuta bakteria wa kifua kikuu na ukoma, na rangi ya kutafuta kuvu, zote ziseme hasi. Zikiwa hasi na sura ya uso inalingana, utambuzi umesimama. Hata hivyo rangi zinaweza kupitwa na bakteria wachache, na ndiyo sababu ya uoteshaji niliotaja.

Mbona naandikiwa na picha ya kifua, na damu, na VVU?

Kwa sababu uso ni ubao ambao magonjwa mengi huandika kwa mwandiko unaofanana. Picha ya kifua hutafuta kifua kikuu na sarkoidosi. Hii ya mwisho inaweza kutoa vipele vinavyofanana usoni huku ikivimbisha tezi za ndani ya kifua na kugusa macho. Kaswende ya hatua ya pili huiga karibu kila kitu, na kipimo chake ni cha damu. Ukoma huweza kuleta vinundu usoni na kwenye ndewe za masikio, na daktari atakugusa kwa pamba kuona kama kuna mahali umepoteza hisia.

Kuhusu VVU, swali si la kukuhukumu. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, vipele vya uso vyenye kidimbwi katikati vinaweza kuwa kuvu aina ya kriptokokasi ambaye ameshaenea hadi kwenye ubongo, na hapo siku chache za kuchelewa zinaweza kuchukua maisha. Kama una vipele vya ghafla pamoja na homa, kichwa kinachouma mfululizo, kikohozi kisichoisha au kupungua mwili, usisubiri miadi ya mwezi ujao.

Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kikisema chanya je? Kinaweza kuwa chanya kwa sababu ya chanjo ya utotoni, au kwa sababu uliwahi kukutana na bakteria bila kuugua. Chanya hiyo peke yake haifanyi vipele vyako kuwa kifua kikuu, ingawa daktari anaweza kutaka kuifuatilia kwa sababu zake nyingine.

Nimesoma kwamba huisha wenyewe. Kwa nini nimeze dawa?

Huisha kweli, mara nyingi ndani ya mwaka 1 hadi 3. Vipele huja kwa mafungu, fungu moja likinywea jingine linachomoza. Kisichoisha ni vishimo: vidogo, vya duara, kama alama za ndui. Dawa hutolewa ili kupunguza muda na idadi ya vipele, na kwa hiyo idadi ya vishimo. Mwenye vipele 6 vinavyonywea tayari anaweza kuamua kutazama tu, na ni uamuzi wa busara. Mwenye 60 na vipya kila wiki asipoteze miezi.

Dawa zipi hutumika?

Niseme wazi: ugonjwa ni nadra mno kiasi kwamba hakuna majaribio makubwa ya kulinganisha dawa. Tunachokijua kimetoka kwa wagonjwa mmoja mmoja na makundi madogo yaliyoripotiwa na madaktari. Anayekuahidi tiba ya uhakika anakuuzia kitu.

Mara nyingi mwanzo ni doksisaiklini, kwa uwezo wake wa kutuliza uvimbe zaidi ya kuua bakteria. Humezwa kwa miezi, na si haki kuihukumu kabla ya wiki 8 hadi 12. Imeze kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa au umesimama, usilale mara moja, kwani kidonge kikikwama kinachoma koo la chakula. Usiimeze pamoja na maziwa, dawa za kiungulia au vidonge vya madini ya chuma, vinaizuia isiingie mwilini. Jua litakuunguza upesi kuliko ulivyozoea. Ndugu yake, minosaiklini, hutumika pia, ila ikitumika muda mrefu inaweza kuacha rangi ya kijivu na buluu kwenye ngozi, hata ndani ya makovu yenyewe.

Isiposaidia, wengi huenda kwenye isotretinoini. Hii hukausha midomo na macho, hutaka vipimo vya ini na mafuta ya damu, na huharibu vibaya mimba changa. Mwanamke anayeweza kushika mimba lazima atumie uzazi wa mpango wa uhakika kabla, wakati na kwa mwezi mmoja baada ya kuimaliza. Isichanganywe na doksisaiklini wala minosaiklini: pamoja zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu. Kichwa kikali na macho kufifia ni sababu ya kuacha dawa na kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Dapsoni imewasaidia baadhi. Kabla ya kidonge cha kwanza pimwa kimeng'enya cha G6PD, maana wenye upungufu wake damu yao huvunjika, na wakati wa dozi hesabu ya damu hurudiwa. Prednisoloni kwa kiwango kidogo na muda mfupi hutumika pale ugonjwa unapokwenda mbio na kovu linanyemelea. Klofazimini ipo, lakini hubadili rangi ya ngozi, jambo zito kwa mtu ambaye shida yake ni uso. Takrolimasi ya kupaka hujaribiwa kwa vipele vichache.

Krimu yenye steroidi ilinisaidia wiki mbili. Niendelee?

Acha, lakini mweleze daktari ukweli wote wa ulichopaka, hata kama ilikuwa krimu ya kujichubua. Nyingi zina steroidi kali isiyoandikwa kwenye kopo. Steroidi hupoza wekundu haraka, ndiyo ladha yake, kisha hukondesha ngozi na kuzaa vipele vyake kuzunguka mdomo na macho. Daktari anayetazama uso wa namna hiyo anaona magonjwa mawili yaliyopandana. Ukiacha, tarajia uso kuchafuka zaidi kwa wiki kadhaa kabla ya kutulia. Wengi hukata tamaa hapo na kurudi kwenye kopo.

Nina mimba.

Isotretinoini hapana kabisa, na doksisaiklini na minosaiklini huepukwa. LMDF yenyewe haimdhuru mama wala mtoto, kwa hiyo mara nyingi husubiriwa hadi baada ya kujifungua. Anayenyonyesha aulize kabla ya kumeza chochote.

Mwanangu wa miaka 7 ana vipele vinavyofanana.

Kwa watoto, hasa wenye ngozi nyeusi, kuna vipele vya granuloma kuzunguka mdomo, pua na macho ambavyo kwa kawaida huisha bila kuacha kovu. Ni jambo la kwanza kufikiriwa. Dawa za jamii ya doksisaiklini hazipewi ovyo watoto walio chini ya miaka 8 kwa sababu ya madoa ya meno.

Vishimo vinatibika?

Vinapunguzwa, havifutwi. Na kwanza ugonjwa utulie: ukianza kutengeneza makovu huku vipele vipya vinachomoza, unapaka rangi nyumba inayovuja. Miezi kadhaa bila kipele kipya ndiyo ruhusa ya kuanza.

Njia inategemea umbo la kishimo. Vyembamba na virefu kwenda chini hutiwa tone la asidi kali ndani yake, au hukatwa kwa duara na kushonwa. Vilivyofungwa chini na nyuzi za kovu hukatwa nyuzi hizo kwa sindano kutoka ndani. Vipana na vya juujuu hufanyiwa leza au kutobolewa kwa visindano vidogo, mara kadhaa, kwa nafasi ya wiki kadhaa kati ya awamu. Kwenye ngozi nyeusi leza ya mkono usio na uzoefu huacha madoa mengi kuliko ilivyokuta, kwa hiyo uliza amewahi kuwahudumia wangapi wenye ngozi kama yako, na omba ajaribu sehemu ndogo kwanza. Kama una historia ya makovu yanayovimba, iseme kabla.

Krimu ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, iliyotiwa rangi itokanayo na oksidi ya chuma, huzuia madoa yasikolee.

Kuna chakula cha kuacha?

Hakuna.

Nitajuaje kama dawa inafanya kazi?

Kioo cha kila siku kinadanganya. Piga picha mara moja kwa mwezi, dirisha lilelile, saa ileile, bila vipodozi: mbele, kushoto, kulia, na moja ya karibu macho yakiwa yamefumbwa ili kope zionekane. Hesabu vipele vipya tu, vya zamani viache. Idadi ya vipya ikishuka mwezi wa pili na wa tatu, dawa inashika, hata kama uso bado una madoa. Ikibaki palepale, nenda na picha hizo kwa daktari mzungumzie kubadilisha.